Kurudishwa Kwao Mzee Amstutz

Majlisi ilikuwa ya Bi Mahfudha. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga nyumba ile ya Al-Khuwair, na mazulia na mito na vyetezo vya chumba hicho cha wageni Bi Mahfudha alivichagua mwenyewe, kimoja kimoja, katika maduka ya Matrah. Lakini tangu ilipokwisha Idi, mwanzoni mwa mwaka 1998, kila Alkhamisi alasiri majlisi ile iligeuka kuwa ya Waswisi.

Walikuja saba au wanane, wakivua viatu mlangoni kama walivyofundishwa, wakakaa juu ya zulia na miguu imenyooka mbele kama ya wagonjwa. Hicho ndicho kilikuwa Chama cha Hisani cha Waswisi wa Maskati, na kazi yake ilikuwa kumsaidia Mswisi yeyote aliyekwama ugenini. Mwenyekiti alikuwa Bi Zumstein, mke wa meneja wa hoteli, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutangazia safari za ndege. Katibu alikuwa Verena, mkaza mwana wa Bi Mahfudha. Na kwa kuwa majlisi ya katibu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, mikutano ilihamia kwake. Kwake! Bi Mahfudha alipolisikia neno hilo alimtazama mwanawe Marwan, na Marwan akalitazama gazeti.

"Lakini, Mama, ni jambo la kheri," alisema Verena. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikiokota jikoni mle mle, tangu Marwan alipomleta kutoka huko alikokwenda kusomea uhandisi. Kiarabu kilikuwa kimemshinda. "Tunasaidia watu wenye shida."

"Mswisi gani mwenye shida Maskati hii? Nionyeshe mmoja tu, na mimi nimpe sadaka nipate thawabu."

Verena hakuwa naye wa kumwonyesha, na huo ndio uliokuwa msiba wa chama. Kilikuwa na mwenyekiti, makamu na mweka hazina, na kanuni zilizopigwa chapa vizuri, lakini maskini hakikuwa naye. Mkutano baada ya mkutano walibishana, kwa sauti za chini na nyuso nyekundu, kama chama kiwe na bendera yake au kitumie ya taifa. Bi Mahfudha alipita na sinia la kahawa, akarudi na vikombe, na bado ni bendera.

Mwezi wa Machi wakafanya karamu ya kukusanya michango. Wakapika jibini ndani ya sufuria yake kubwa ya biriani, wakawa wanachovya mikate kwa uma mrefu, wote katika sufuria moja, na nyumba nzima ikanuka miguu.

"Mmetia nini humu?" aliuliza Bi Mahfudha.

"Jibini, Mama. Na thomu. Na... mvinyo kidogo tu, lakini ule hupotea kwa moto."

Bi Mahfudha aliibeba ile sufuria kwa ncha za vidole, akatoka nayo mpaka kwenye pipa la taka la mtaani, akaitumbukiza na mfuniko wake.

"Na sufuria nayo imepotea," alisema aliporudi.

Siku ile Marwan na mkewe walizozana chumbani, yeye kwa Kijerumani kibovu, mkewe kwa Kiswahili cha kulia. Bi Mahfudha aliyasikia yote kwenye msala wake, akavuta tasbihi kwa haraka kuliko inavyofaa.

*

Aprili, maskini akapatikana.

"Tumempata, Mama!" Verena aliingia jikoni akipiga makofi. "Tumempata!"

"Mmempata nani?"

"Maskini!"

Alikuwa mzee aliyeanguka barabarani kule Matrah akavunjika nyonga. Jina lake Ernst Amstutz, umri wake umepita sabini, kazi yake fundi wa mafriji na mashine za barafu. Kafili wake, aliyemdhamini miaka yote kuishi nchini, alikuwa amefariki. Warithi wakauza karakana, na pamoja na karakana kilikwenda chumba alichokuwa akilala. Hospitali ilikuwa tayari kumtoa, lakini haikujua imtolee wapi.

Hoteli ya mume wa Bi Zumstein ilikuwa imejaa. Mweka hazina alikuwa na mbwa. Makamu alikuwa karibu kusafiri. Basi kila mmoja alitazama chini, kisha mmoja mmoja wakaitazama majlisi.

"Siku mbili tatu tu, Mama," Verena alisema.

"Mwanamme? Ndani ya nyumba yangu?"

"Hawezi hata kusimama."

"Nimekuuliza kama anasimama?"

Lakini gari lilikuwa limekwisha kufika mlangoni. Wakamshusha katika kiti cha magurudumu, mzee mkavu, mwekundu, nyusi zimemwota kama majani ya ukutani. Bi Mahfudha alisimama kizingitini na kanga yake kichwani, amekunja mikono. Yule mzee akamtazama, akawatazama waliombeba, akapumua.

"Hodi, mwenye nyumba. Samahani, Bibi. Wamenileta kama robota la mkonge."

Mikono ya Bi Mahfudha ikakunjuka yenyewe. Alikuwa amewahi kuwasikia Wazungu wakisema jambo jambo na asante sana. Hiki hakikuwa Kiswahili cha namna hiyo. Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekinywa na maziwa.

"Kwenu wapi wewe?"

"Nimezaliwa Usambara. Baba alikuwa na shamba la kahawa. Mama alikufa mimi mdogo, akanilea yaya. Kijerumani nilikuja kukifundishwa baadaye, kwa fimbo."

"Karibu," alisema Bi Mahfudha, kisha akakasirika kwamba amesema.

*

Siku mbili tatu zikawa miezi. Mzee Amstutz alikuwa mgeni mgumu. Alivuta sigara mpaka mapazia yakabadilika rangi. Alifungulia redio kwa sauti ya kuamsha mtaa. Chai ya Bi Mahfudha aliiita maji ya kuoshea vikombe kwa sababu haikuwa na tangawizi ya kutosha, na maharage yake ya nazi aliyaita mazuri kwa mtu asiyewahi kula ya Tanga.

"Kama Tanga kuna maharage matamu, ulifuata nini Arabuni?"

"Shamba nililokuwa nafanyia kazi lilitaifishwa. Wewe ulifuata nini?"

Bi Mahfudha aliondoka na sahani kabla mzee hajamaliza kula. Lakini kesho yake alipika maharage tena, akakaa kiti cha karibu na mlango kusikia atakalosema.

Chama nacho hakikumwacha apumue. Alkhamisi moja walimweka katikati wakamhoji, kwa sababu kanuni zilitaka anayesaidiwa awe mtu anayestahili. Bi Zumstein alimwuliza kwa nini hakuweka akiba. Akamwuliza kama ni mlevi, na kama ana watoto aliowatelekeza Afrika. Mzee alijibu kwa sauti ndogo, Kijerumani chake kikikwama kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Mwisho wakampa kikapu cha chokoleti na sabuni, wakampiga picha amekishika. Picha ya kwanza hakucheka, wakarudia. Ya pili hakucheka, wakarudia.

"Walikuwa wakikuuliza nini mwishoni?" Bi Mahfudha alimwuliza walipokwisha kuondoka.

"Kijiji changu. Kwao kila mtu ana kijiji cha babu wa babu yake, kimeandikwa kwenye pasi, na kijiji hicho ndicho hubeba mzigo mtu akizeeka. Changu kiko milimani huko. Sijawahi kukitia mguu."

Bi Mahfudha alikuwa akikung'uta makombo kwenye zulia. Akaacha.

"Na mimi niliposhuka hapa kutoka Afrika mwaka wa sabini na tatu waliniuliza hivyo hivyo. Cha babu wa babu. Wakanipeleka huko bara, mbali na Maskati. Wanawake wa huko walikicheka Kiarabu changu mpaka wakatoka machozi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia mume wangu, utanipeleka Maskati au utaniandikia talaka, mchana huu huu."

Mzee Amstutz alicheka mpaka akapaliwa, na Bi Mahfudha akalazimika kumletea maji, akinuna ili asicheke naye.

*

Tarehe mosi Agosti ni sikukuu ya Waswisi, na sikukuu hiyo lazima uwashwe moto mkubwa mlimani. Kule kwao, kwenye baridi, watu huuota. Chama kikaamua uwashwe pwani ya Yiti, katika joto la Agosti ambalo hata mbwa hawatoki kivulini. Bi Mahfudha alikwenda kwa sababu Verena alimsihi: mzee hakubali kupakuliwa chakula na mtu mwingine.

Walimvika fulana nyekundu yenye msalaba mweupe kifuani. Magurudumu ya kiti yalizama mchangani, wakamvuta kinyumenyume mpaka mbele ya kuni. Moto ulipowaka, watu wote walirudi nyuma, isipokuwa yeye ambaye hakuweza kujisogeza. Bi Mahfudha ndiye aliyepiga kelele wamvute. Bi Zumstein akatoa hotuba, jasho likimchuruzika kidevuni. Kisha wakaimba wimbo wa taifa lao, mikono vifuani, na kila jicho likamwangukia mzee. Midomo yake ilichezacheza. Maneno hayakuwamo.

"Hata wimbo haujui!" Bi Zumstein alimwambia Verena, bila ya kupunguza sauti. "Mswisi gani huyu?"

Maana ya maneno hayo Bi Mahfudha aliipata baadaye, garini. Verena alimtafsiria huku macho yakiwa barabarani na masikio yamemwiva. Kwenye kiti cha nyuma mzee alikuwa akihangaika kuivua ile fulana, na mikono haikumfikisha.

"Wamenivika kama ng'ombe wa maonyesho," alisema.

Bi Mahfudha aligeuka akamsaidia kuivua. Akaikunja vizuri, halafu akafungua dirisha akaitupa nje. Verena aliona kwenye kioo, akaendelea kuendesha.

*

Septemba ikaja shida ya karatasi. Bataka ya mzee, kadi yake ya ukaazi, ilikuwa imekwisha muda tangu zamani, faini inapanda, na bila ya kafili mpya alitakiwa atoke nchini. Marwan, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, akasema atajaribu. Njia ilikuwa moja tu: amwandikishe kama mtumishi wa nyumbani.

Alirudi mchana shingo imemlegea.

"Yule karani alicheka mpaka akawaita wenzake," alisema, akivua kofia. "Ati, mtumishi Mswisi, mwenye miaka sabini na kitu, kwenye kiti cha magurudumu! Kazi yake nini, ustadhi, kukupepea? Nafanya kazi serikalini, Mama. Watu wananijua pale."

"Kwa hiyo amekataa?"

"Sheria imekataa. Amezidi umri." Akamgeukia mkewe. "Chama chako kina watu wenye makampuni mazima. Hakuna hata mmoja wa kumdhamini?"

"Wameshapiga kura," Verena alisema polepole. "Watamlipia tiketi. Kijiji chake kimekubali kumpokea, kuna nyumba nzuri ya wazee. Bi Zumstein anasema hiyo ndiyo hisani hasa, kumrudisha mtu kwao."

Mzee alipoambiwa alijibu neno moja. Siendi. Wakamletea picha za ile nyumba, maua madirishani, milima nyuma. Siendi. Bi Zumstein alikuja akamwambia ni utovu wa shukrani. Mzee akafungulia redio.

Huenda mambo yangeendelea hivyo, maana Marwan alikwisha kuanza kuulizia kwa marafiki kama ipo njia nyingine. Lakini wiki ile ile ikaja posa ya Aliya, mpwa wa Bi Mahfudha, yatima aliyemlea mwenyewe. Watu wa upande wa mwanamme wangekuja, wanawake wazito wazito wa Maskati wanaoangalia mpaka pindo la mto. Bi Mahfudha aliingia majlisi asubuhi kuiandaa, akakuta maboksi ya chama yamejaa pembe zote, mabango ya maonyesho ya krismasi na vikapu vitupu, na zulia lake la katikati limerowa. Mzee hakuwahi kufika chooni. Alikuwa amegeuza uso ukutani.

Bi Mahfudha alitoka ukumbini, na mwaka mzima ukamtoka mdomoni.

"Marwan! Nishachoka mimi! Wallahi nishachoka! Nyumba hii si stoo ya Waswisi, wala si choo chao! Mwenye kwao aende kwao! Aondoke, nisimwone!"

Mlango wa majlisi ulikuwa wazi. Miezi yote mzee yule alisemwa kwa Kijerumani, akikisikia nusu na nusu kikimpita. Haya yalisemwa kwa lugha ambayo hakuna hata silabi moja yake ingeweza kumpita.

Kesho yake alimwita Verena, akamwambia atakwenda.

*

Uwanja wa ndege wa Sib ulijaa. Chama kilikuja chote, na bendera, maana suala la bendera lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Bi Zumstein alitokwa na machozi ya furaha, akapiga picha. Bi Mahfudha alisimama kando. Tangu siku ile ya posa alikuwa akitafuta maneno, na kila alipoyapata alikuta Marwan yupo, au Verena yupo, au kiburi chake kipo.

Walipomsukuma kuelekea ndani, mzee aliinua mkono wasimame.

"Bi Mahfudha. Posa ilikubaliwa?"

"Ilikubaliwa." Akakisogelea kiti. "Siku ile nilikuwa na hasira, Mzee."

"Na mimi nililichafua zulia. Tumetoka sare."

"Usiende basi," alisema ghafla. "Tutatafuta..."

Lakini Bi Zumstein alikuwa amekwisha kushika vipini vya kiti, akitabasamu kwa wote wawili kwa vile hakuelewa hata neno, akamsukuma mbele. Verena aliinua mkono amsimamishe, kisha akaushusha. Ndege ilikuwa haingoji.

Usiku ule Marwan alimkuta mama yake majlisini, peke yake, kwenye zulia lililooshwa. Majlisi ilikuwa imerudi kuwa yake. Alimwuliza kama anahitaji chochote, akajibiwa azime taa atoke.

*

Ramadhani iliingia mwezi wa Desemba. Siku moja alasiri, Bi Mahfudha akikaanga sambusa, kengele ililia, akasikia ile sauti ya kutangazia ndege. Bi Zumstein alikuwa amekuja mbio, kasahau hata kuvua viatu.

Verena akatafsiri, uso umempauka. Ile nyumba ya wazee ilikuwa imekiandikia chama. Mzee Amstutz aliteleza bafuni mwezi uliopita akaumia kichwa, na tangu hapo ameingiwa na wazimu. Hasemi tena Kijerumani. Anapiga kelele kwa lugha isiyojulikana, mchana kutwa, na kuwapiga wauguzi kwa bakora. Wamelazimika kumchoma sindano za kumtuliza. Wanaomba, kama yupo mtu Maskati anayeijua lugha hiyo, azungumze naye kwa simu.

"Na Bi Zumstein anaomba radhi kukusumbua na saumu yako," Verena alimalizia.

Bi Mahfudha alizima jiko. Akafuta mikono kwa kanga, akaenda kukaa karibu na simu. Verena alipiga, akasema na watu wawili watatu, kisha akampa.

Kwanza alisikia pumzi tu. Halafu sauti, nyembamba kuliko ile aliyoizoea.

"Nani?"

"Mimi Mahfudha. Una nini, Mzee? Mbona wanasema unapiga watu?"

"Ni wewe kweli, au wamenipa dawa nyingine?"

"Ni mimi. Wewe sema una nini."

"Dirisha. Waambie wafunge dirisha. Asubuhi wanafungua, mchana wanafungua, ati hewa safi. Theluji inaingia mpaka kitandani. Nawaambia funga, funga dirisha, nakufa kwa baridi. Wananichoma sindano."

"Si uwaambie kwa lugha yao!"

"Imetoka. Nikiitafuta haipo."

Bi Mahfudha aliuweka mkono kwenye kinywa cha simu. Aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Dirisha," alisema. "Anasema wafunge dirisha. Mwezi mzima binadamu anasema wafunge dirisha!"

Verena aliichukua simu, akasema na muuguzi. Alianza kwa adabu, akamaliza kwa ukali ambao Bi Mahfudha hakuwahi kuusikia kwake katika lugha yoyote. Aliporudishiwa simu, Bi Mahfudha alisikia hatua, kisha dirisha likifungwa kwa kishindo, kisha pumzi ndefu ya mzee.

Bi Zumstein alikuwa ameketi ukingoni mwa mto wa kukalia. Akauliza jambo kwa sauti ndogo, ndogo kwa mara ya kwanza.

"Anauliza," Verena alisema, hakumtazama mtu, "kama mzee amesema lolote kuhusu chama. Kwa ajili ya taarifa ya mwaka."

Bi Mahfudha alivuta kiti akaigeuzia majlisi mgongo. Magharibi ilikuwa inakaribia, na sambusa zilikuwa zinapoa ndani ya mafuta.

"Usikate," mzee alisema.

"Sikati. Haya, niambie. Wamekulisha nini leo?"

"Viazi," alisema Mzee Amstutz. "Viazi, Bi Mahfudha, vya kuchemsha, havina chumvi, havina chochote." Akaanza kulalamika, na Bi Mahfudha akamwacha alalamike.